Kiraka cha Uzi wa Kijani

Mpelelezi alipowasha kiberiti kwenye filamu, pazia la sinema liling'aa na Wamucii akaliona koti la mumewe.

Lilikuwa limevaliwa na mwanamume aliyeketi mbele yake. Begani palikuwa na kiraka alichokishona Wamucii mwenyewe kwa uzi wa kijani, kwa sababu mweusi ulikuwa umemwishia.

Mumewe aliondoka na koti hilo miezi saba iliyopita, akaenda Turbo kutazama shamba la mzungu aliyekuwa akihama. Hakurudi. Wenzake wa kampuni ya kununua mashamba walisema ametorokea Uganda na mwanamke.

Kwenye pazia mtu alikuwa akifuatwa gizani, na ukumbi mzima ulikuwa kimya ukingoja risasi. Wamucii alinyoosha kidole akaugusa uzi taratibu. Mishono minne ilikuwa imenyooka, na wa tano umepinda.

Mwanamume akageuka. "Mama, kuna nini?"

"Koti lako ni zuri. Ulilitoa wapi?"

"Nilishonewa Nakuru."

"Na kiraka?"

"Mke wangu alikiweka."

Wamucii aliutazama mlango, mwanga wa mchana ukipenya chini yake. Angeweza kukimbilia polisi, lakini angerudi akute kiti kitupu. Aliinuka, akazunguka, akaketi kando ya mwanamume huyo na kuushika mkono wa koti kwa nguvu.

"Basi mimi ndiye mke wako," alisema kwa sauti iliyofanya watu wote wageuke. "Waambie hawa jina langu."