Mkono Chini ya Kisogo

Mama mkwe aliingia sebuleni na tasbihi mkononi, mimi na shemeji yangu Miraji tukibishana mbele ya kanda ya video. Kwenye kioo cha televisheni, wanaume wawili waliovaa vikaptura tu walikuwa wamekumbatiana sakafuni.

Nikashika rimoti nizime. Tangu nimuoe binti yake, hapa hapa Barking, ughaibuni, haya haijaniruhusu kukaa naye chumba kimoja zaidi ya kusalimiana.

"Wacha," akasema. "Mnagombania nini?"

Miraji akamweleza mama yake. Mmoja wa wale wawili, Mbulgaria mwembamba, alipigana enzi ngumi na mieleka zilipoanza kuchanganywa. Mimi namweka wa kwanza kati ya wapiganaji wote. Miraji hamweki hata kwenye kumi bora, kwani wa siku hizi wangemla mzima.

Mbulgaria akalikaba shingo lile jitu alilopambana nalo. Jitu likapiga kiganja sakafuni kusalimu amri, likalegea. Papo hapo akaliachia, akatia mkono chini ya kisogo chake kisigonge sakafu.

"Rejesha," mama mkwe akasema.

Nikarejesha. Akautazama ule mkono.

"Wa kwanza," akamwambia mwanawe. Kisha akanigeukia. "Sogea, mwanangu, nikae."