Ya Kucheza, Si ya Kuchezea

Wachimbaji wa mwezini waliruhusiwa kuonana na wake zao ndani ya gemu tu, pambano moja la bao kila Ijumaa, robo saa basi. Kwa Mishi, robo saa ilipita kama kupepesa jicho. Ndipo akampelekea fundi mashine yake ya gemu, naye fundi akaifungua na kuipunguzia mwendo saa ya ndani. Ijumaa ile Mishi na mumewe Shee walicheza saa nzima, Shee akimtania, “Takata tu, mke wangu, huna kete za kula leo!”

Kesho yake uwanja wa gemu ulimkataa. Akawapigia simu wenye gemu.

“Mashine yako imechezewa,” karani akasema.

“Kwani si ya kuchezea?”

“Ya kucheza, dada. Ikishafunguliwa, hatujui tena inatudanganya wapi. Anayeiba ushindi na anayeiba dakika, kwetu ni mamoja. Umefungiwa maisha.”

“Na mume wangu? Ijumaa ataningoja.”

Karani akalainisha sauti. “Usiwe na wasiwasi. Tumemwekea wewe.”

“Mimi yupi?”

“Tuna michezo yako yote ya miaka mitatu. Anacheza kama wewe, anacheka kama wewe.”

Ijumaa ilipopita, Mishi akapiga tena. “Amegundua?”

“Hapana, dada. Amefurahi sana. Anasema siku nyingi hajakuona mchangamfu hivyo.”

Mishi alitaka kuuliza kama Shee alimwita yule mwingine kwa lile jina lao la chumbani, lakini akaogopa kujibiwa.