Nyumba Ambayo Detlef Hakuiingia

Kwa mara ya pili Detlef aliipita nyumba ya akina Hulda bila kugeuza shingo, tepe za rangi zikimpepea kofiani. Alikuwa amepanda farasi wa Reinhold Tiedemann, akialika watu kwenye harusi ya Reinhold huyo. Kila nyumba aliyoialika harusini ilimfunga utepe mmoja na kumpa kinywaji kikali kimoja, ndivyo tufanyavyo sisi Waholstein, Wajerumani wa kaskazini, hapa Iowa, na kufikia adhuhuri mwenye akili timamu alikuwa farasi.

Hulda alijua maana ya kupitwa. Mwalikaji haingii nyumbani kwa bibi harusi. Basi bibi harusi wa Reinhold yumo humu humu, na humu mlikuwa na mabinti wawili tu: yeye, mwenye miaka thelathini na minne na mikono migumu ya kukamulia ng'ombe, na mdogo wake Meta, mwenye ishirini.

Hulda alikuwa amempenda Reinhold miaka sita, kimya kimya. Jumatatu Reinhold alikaa bandani na baba yao, watu wawili wasiopenda maneno. Alipotoka alimsalimu Meta kwa kicheko. Kwa Hulda aliinamisha uso tu.

Meta alikuwa akikanda unga wa keki huku anaimba. "Dada, leo nayo ni siku ya kununa?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Wivu ulimpanda Hulda, akatoka mbio kumkatiza Detlef barabarani.

"Mjomba Detlef, teremka. Usialike tena."

"Nikiteremka, binti yangu, nani atanipandisha?"

"Harusi hakuna. Moyo wa bibi harusi hauko kwa Reinhold. Uko kwa yule kijana wa kinu cha unga."

Ulevi ulimtoka Detlef papo hapo. "Unasema kweli, Hulda?"

"Nani ajuaye kuliko mimi?"

"Hakuna," alijibu polepole. "Na mmeniacha nizunguke nyumba arobaini?"

"Kamwambie Reinhold. Mwambie umeyasikia kinywani mwangu."

"Yangetoka katika kinywa kingine nisingeamini. Unajua atauza shamba aende zake Dakota? Ameniapia, akikataliwa hapa haonekani tena."

"Aende."

Detlef alivua kofia, akazing'oa tepe moja moja na kuzitupa vumbini. Kisha akampiga farasi teke, wakatoweka nyuma ya mahindi.

Hulda alirudi taratibu, moyo umetulia. Kama yeye hampati Reinhold, Meta naye asimpate.

Baba yake alikuwa mlangoni, anajikuna kidevu.

"Hulda, Meta ananicheka hapa, anasema hujui lolote. Mimi nilidhani Reinhold atakwambia, naye labda kadhani mimi." Akakohoa. "Jumatatu alikuja kukuposa. Nikamkubalia bila kukuuliza. Miaka sita, mwanangu, macho ninayo."