Jumapili ya Nyundo Tisdale

Shemasi Thaddeus Whitlow aliuma kipande cha mkate wa mahindi, akasahau kukitafuna. Dada Ola Mae Purnell alikuwa amekosea tena.

"Nasikia mpira alioupiga uliruka upande wa kushoto," alisema Ola Mae huku akijipakulia paja la kuku. "Nyundo Tisdale, eti, hajui kupiga kulia."

Shemasi alimeza mkate mzima mzima. Kushoto! Lakini akanyamaza.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Baada ya chakula kile cha Jumapili, kilichoandaliwa kanisani, Mchungaji Lucius angetangaza jina la ukumbi mpya wa Kanisa la Nyota ya Gileadi, na Kansas City nzima, angalau upande wetu wa mji, ilijua sharti lake. Ukumbi utapewa jina la muumini ambaye hajakosa ibada hata moja ya Jumapili tangu kanisa lifunguliwe mwaka 1942. Miaka arobaini na mitano! Waliobaki ni wawili tu: Ola Mae wa kwaya, na Shemasi, ambaye daftari la mahudhurio alilijaza yeye mwenyewe. Wazee wa kanisa walimpendelea Shemasi. Naye alilitaka jina lile kufa na kupona. Mkewe alishazikwa, mtoto hakujaliwa, na asipoandikwa juu ya mlango ule, nani angemkumbuka?

Sasa Ola Mae alikuwa na shaka yake juu ya Shemasi. Kiangazi cha 1946, Nyundo Tisdale, mpiga besiboli ambaye watu weusi wa nchi nzima walimwimba, alicheza mjini Jumapili moja tu, saa nane mchana, saa ileile ya ibada ya pili. Marehemu Mchungaji Absalom, baba yake Lucius, alitangaza mimbarini kwamba atakayeonekana uwanjani siku ya Bwana asikanyage tena kanisani. Ola Mae alishalichungulia daftari. Kwa daftari hilo, Jumapili ile kila mtu alikuwepo kanisani, hakukosa hata mgonjwa. Ushahidi hakuwa nao, lakini mdomo alikuwa nao.

"Tena nasikia kabla ya hapo yule mrushaji wa timu pinzani, Crump, alimtoa mara mbili," akaendelea. "Anarusha, Nyundo anapunga gongo hewani, anarudi kukaa na aibu zake."

Jasho likamtoka Shemasi. Kutukanwa angevumilia. Mchezo ule kusimuliwa ovyo namna hii, jamani, hapana.

"Nipitishieni mboga," alisema kwa sauti kavu.

"Na alikuwa mnene, maskini. Kukimbia hawezi. Mpira wenyewe uligonga uzio tu, ukarudi. Hizi sifa nyingine ni porojo za kinyozi."

"Uongo!" Shemasi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Uongo mtupu, Ola Mae! Crump hakumtoa hata mara moja! Mpira uliruka upande wa kulia, ukapita juu ya uzio, ukavuka barabara, ukavunja dirisha la kiwanda cha barafu! Na Nyundo alikuwa mwembamba, mrefu, akazunguka uwanja mzima anacheka! Nimemwona kwa macho yangu haya mawili!"

Wazee wengine waliinamia sahani zao, hakuna aliyeinua uso.

"Umemwona," Ola Mae alisema polepole, akijifuta midomo. "Jumapili ipi hiyo, Shemasi?"

Shemasi aliokota kiti chake. Alisikia aibu mpaka masikioni. Miaka arobaini na moja ameficha, leo ananaswa na kuku mdomoni! Akamtazama yule mama anavyotabasamu, na ndipo akili ikamrudia. Mtu asiyeujua mchezo ule angepatia japo jambo moja, kwa bahati tu. Ola Mae alikuwa amekosea yote.

Kusema kweli, siku ile Shemasi hakuona mtu mwingine ila Nyundo. Lakini aliketi, akavuta pumzi.

"Sawa, nilikuwepo," alisema. "Na wewe nilikuona, dada yangu. Umekaa jukwaani na lile likofia lako la njano, baya kama nini."

"La njano?" Ola Mae aliruka. "Mimi nivae njano? Kofia yangu ilikuwa ya bluu, na uwanja mzima hapakuwa na..."

Akajiziba mdomo kwa kitambaa, lakini wapi. Mtu mmoja alicheka, kisha wawili, kisha meza nzima.

Mchungaji Lucius hakucheka. Mwaka ule yeye alikuwa bado ananyonya, na maisha yake yote alikuwa amehubiri habari za uaminifu wa watu hawa wawili.

"Mmenivunja moyo," alisema akiwa amesimama. "Shemasi wangu! Mwimbaji wangu! Basi nimekata shauri. Ukumbi utaitwa kwa jina la marehemu baba yangu. Yeye angalau nina hakika Jumapili ile alikuwa humu, mimbarini, anahubiri."

"Amina!" wazee waliitikia, haraka kidogo kuliko kawaida.

Mwisho wa meza alikaa mjane wa Absalom, Mama Mchungaji wetu wa siku zote, akila pai yake ya viazi vitamu. Tangu chakula kibarikiwe hakuwa amesema neno. Aliweka uma chini.

"Kofia ilikuwa ya kijani, Ola Mae," alisema. "Tulikaa nyuma yako, mimi na marehemu, na yale manyoya ya kofia yako yalimzibia kabisa, hakumwona Nyundo akipiga."