Muhuri wa Kiyoyozi

Siku hizi hakuna anayeruhusiwa kuwasha kiyoyozi nyumbani kwake kabla hajamsikiliza mwanaharakati wa mazingira wa mtaa wake kwa dakika kumi na kugongewa muhuri kiganjani. Kibwana alisimama juani mbele ya Mwanamkasi, mwanaharakati wa mtaa wao, akiitikia kwa kichwa, mawazo yake yameshatangulia nyumbani.

"Kaka Kibwana, jana nilikueleza nini?" Mwanamkasi alimuuliza ghafla.

"Habari za bahari kupanda, dada."

"Jana nilikueleza kwamba joto limemuua mwanangu. Ukanijibu, 'Kazi nzuri, dada.'"

Aibu ilimjaa Kibwana hata akashindwa kuinua uso, lakini kiganja chake kilibaki kimenyooshwa. Mwanamkasi akakigongea muhuri.

Nyumbani kiyoyozi kilipoanza kunguruma, mkewe alishusha pumzi. "Leo kakwambia nini?"

"Yale yale," alisema Kibwana, akajifunika shuka gubigubi.