Kioo cha Poda

Ti, ti, ti. Gizani, kioo kidogo cha poda ambacho Salha alikitundika kwa uzi kilikuwa kikigonga mlango wa kabati.

"Hayo ndiyo masomo yako ya jioni?" aliuliza Bi Mgeni, mama mkwe wake, aliyempakata mjukuu. "Eti mwanga unasukuma? Kama ni porojo, mwanangu, kesho utabaki nyumbani umlee mwanao mwenyewe."

"Unasukuma, mama, ila kidogo mno. Wataalamu huweka vioo viwili vitazamane, kimoja chepesi chenye kutikisika. Mwanga ukienda na kurudi kati ya vioo hivyo, msukumo wake hukituliza hicho chepesi."

"Haya, kitulize hicho."

Salha akashika kioo kingine mkabala, akawasha tochi. Hakutaka kumdanganya. "Tochi hii ni dhaifu, mama. Hata pumzi zetu zinaishinda."

Bi Mgeni akaguna, akasogea karibu, kisha akafumba mdomo.

Ti, ti. Halafu kimya. Doa la mwanga likatua darini bila kutikisika, na Bi Mgeni bado amevimbisha mashavu, macho hayabanduki kiooni.

Mtoto akamgusa shavu.

"Bibi, pumua."