Matumbo Sakafuni

"Chini! Laleni chini nyote, matumbo sakafuni!"

King'ora cha kisimani kilimkuta mama akifua, na hakungoja kuuliza. Alizima jiko, akafunga mlango, akalowesha vitambaa vya kuziba pua. Watoto wake watatu walijitupa sakafuni kama walivyozoezwa. Katika mji ule wa mafuta, mtoto alijua kutambaa kabla hajajua kuhesabu. Miaka ya nyuma, kisima kimoja cha mafuta kilipolipuka, waliokimbia wima walimezwa na moshi. Mama alitambaa, akapona, na tangu siku hiyo hakuacha kumshukuru Mungu.

Aliyebaki juu ni bibi, mama yake mzazi, aliyeketi kitandani kama malkia. Mkwewe alikuwa amekiinua kitanda kile kwa matofali, magoti ya kikongwe yasipate taabu.

"Mama, shuka, nakuomba!"

"Nishuke niende wapi? Magoti haya yakishuka, hayapandi mpaka mlete winchi. Na huo moto uko wapi? Mbona sioni moshi?"

"Utauona ukishachelewa!"

"Basi na uje. Nimepikia kuni maisha yangu yote. Moshi ni ndugu yangu."

Mama akampigia mumewe. Simu haikupatikana. Mumewe alikuwa fundi wa kuziba visima vya zamani. Mafuta yalikwisha kitambo. Sasa kampuni ilikuwa ikishindilia humo hewa ya ukaa iliyokusanywa viwandani, ikae chini ya ardhi, isiharibu anga. Kazi yake ilikuwa kuangalia vizibo vya saruji visivuje. Jana alirudi amekunja uso: kizibo cha kisima kilicho juu ya bonde lao kimeingia ufa. Alipoona wanawe wanamtazama, akaleta utani.

"Msiogope. Hiyo hewa ni nzito, kama mama mkwe. Ikiingia nyumbani inakaa chini, haiondoki."

Bibi alimrushia ndala, nyumba nzima ikaangua kicheko.

Leo hakuna aliyecheka. Mama alichungulia dirishani. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala bondeni, mmoja hapa, mwingine pale, tuli.

"Unaona, Mama? Hata wanyama wanajua la kufanya!"

"Mbuzi gani hulala saa za malisho?"

"Mama, huu si wakati wa ubishi!"

Kitinda mimba akaanza kulia. Alimtaka bibi yake. Akashika shuka, akaanza kukwea, na bibi akamnyooshea mikono. Mama alimdaka mguu, akamvuta chini, akambana katikati ya dada zake.

"Leo hakuna kudeka. Lala!"

Ubaridi ulipenya chini ya mlango, ukawapitia watoto mgongoni. Mama akashukuru, angalau joto halitawaua. Pua ilimwasha kama mtu aliyekunywa soda kwa pupa. Kichwa kilimgonga, pumzi ikawa fupi. Ni hofu tu, akajiambia. Akapiga magoti kando ya wanawe, akafumba macho, akaomba kama walivyoomba kila jioni: yeye akitaja, wao wakiitikia.

"Ee Mungu, utuepushe na moto."

"Amina," wakaitikia.

"Umlinde baba yao huko aliko."

"Amina." Sauti zilikuwa ndogo, kama za usingizini.

"Umlainishe moyo mama yangu, ashuke hapa chini kwa wenzake, tupone sote."

Aliyeitikia safari hii alikuwa binti mkubwa peke yake, kwa mnong'ono. Kilio cha kitinda mimba kilikuwa kimekoma. Mama alipapasa bila kufumbua macho, akamgusa shavu. Ametulia. Moyo wake ukapoa kidogo, akainua sauti kwa imani yake yote.

"Na hawa wanangu, Bwana, usininyang'anye hata mmoja."

"Amina," akaitikia bibi, peke yake, kutoka kitandani.